Watoto Wasio na Meno kwenye Foleni ya Meno

Bunia, 6 Septemba 2010

Daftari hili nilipewa la kuandikia majina ya wagonjwa. Wagonjwa bado sijawaona, basi naanza na jina langu: Asimwe, tabibu wa meno kutoka Bukoba, miaka ishirini na tisa, mzima wa afya isipokuwa siwezi kukaa bure. Niliomba likizo ya miezi mitatu hospitalini kwetu, nikapita Uganda, nikavuka Ziwa Albert hadi Kasenyi, nikaja kujitolea na timu ya meno ya kanisa. Leo ni siku ya tano nasikiliza mvua kwenye bati la nyumba ya wageni. Masanduku yangu ya koleo na ganzi yako ukutani. Nimeshayapanga upya mara tatu.

Mkuu wa timu ni Élise, nesi, Mnande ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka Butembo na biashara yao ya vitenge. Ni mwanamke mpole wa kuudhi. Kila asubuhi anakwenda kwenye kikao cha usalama kuomba ruhusa ya barabara, ambayo yeye huiita feu vert, na kila asubuhi anarudi mikono mitupu.

"Bado, dada. Tungoje kidogo."

Kwetu kidogo ni nusu saa. Kidogo cha hapa sijakijua.

7 Septemba

Mvua. Bugali na sombe, kisamvu cha hapa. Nimechemsha vyombo ambavyo havijatumika.

8 Septemba

Mvua asubuhi, jua saa nane, halafu tope jekundu hadi kwenye vifundo. Nilitembea mpaka sokoni na kurudi mara mbili. Kamate, dereva wetu, alikuwa amekaa kwenye boneti akila beignet, andazi la hapa.

"Docta, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Sasa kama hautafuti kitu, juu ya nini unakitafuta kila siku?"

Nilicheka, kwa mara ya kwanza wiki hii. Watu wa hapa wanapenda utani. Wanasema vita imekwisha, wanacheka, wanajenga maghorofa, halafu pikipiki ikipiga mlipuko barabarani wote wananyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Nyumbani kwa Élise nimeona furushi limefungwa nyuma ya mlango: sufuria, shuka, karatasi za shule za watoto. Nilimwuliza anasafiri lini. Akasema hasafiri.

9 Septemba

Ruhusa imetoka. Kesho alfajiri. Hatimaye.

10 Septemba, Nyabisindi

Saa tatu za mashimo. Nyabisindi iko upande wa Irumu, kwenye barabara ya kwenda Boga: kanisa, shule, zahanati ya vyumba viwili na migomba ambayo ilinipa hamu ya nyumbani. Mwenyeji wetu ni Papa Anselme, nesi wa zahanati, mtu wa maneno machache na koti jeupe lililoshonwa viraka. Tuliweka viti kanisani. Foleni ilikuwa imeshafika barabarani. Hadi saa sita nilikuwa nimeng'oa meno hamsini na matatu, mkono unauma, roho imetulia. Hii ndiyo kazi niliyokuja kufanya.

Halafu zikaja zamu za akina mama kumi na wanne, kila mmoja na mtoto wa miezi michache. Nikadhani wao ndio wanaoumwa. Wa kwanza alikaa kitini, akanipa mtoto badala ya kufungua mdomo wake.

"Ile ya plastiki, Docta. Umutoe."

Nilielewa mara moja, maana kwetu yapo, tunayaita meno ya nailoni. Mtoto akipata homa na kuhara wakati ufizi umevimba, watu husema kuna jino la uongo linalooza ndani na litamuua. Mganga hulichimbua kwa spoku ya baiskeli. Kinachotoka ni cheupe na laini, kama funza, na mama akikiona anaamini. Kumbe ni chonge ya mtoto mwenyewe, haijakomaa bado. Mdogo wangu alifanyiwa hivyo. Aliumwa wiki tatu, tukadhani tunamzika.

Mama hawa walikuwa wamefikiri vizuri tu. Kama amekuja mtaalamu wa kung'oa meno, mwenye ganzi na sindano safi, kwa nini mtoto apelekwe kwenye spoku? Sisi tuliokuja kuwasaidia ndio tuliowaleta kwenye foleni.

Nilikasirika. Nilisimama juu ya benchi nikawahutubia kwa sauti ile ambayo mama yangu huiita sauti ya kufukuza mbuzi. Nikasema hakuna meno ya plastiki, ni uongo, ni uuaji, sitang'oa hata moja. Kwenye benchi la nyuma alikaa mama mmoja mwembamba wa makamo, kilemba safi, ananiangalia bila kupepesa. Papa Anselme aliniambia huyo ndiye Mama Faida, mwenye spoku. Nikazidisha sauti.

Mmoja tu alibaki wengine walipoondoka. Anaitwa Séphora, ana miaka kumi na tisa, mumewe yuko kwenye machimbo ya dhahabu Mongbwalu. Mtoto wake ni Rémy, miezi saba, mtoto wa kwanza. Alikuwa wa moto, anahara siku ya tatu. Ufizi wake ni wa kawaida kabisa. Papa Anselme alinong'ona kwamba dawa ya malaria ya watoto iliisha zahanatini wiki mbili zilizopita. Na mimi nilikuja na masanduku matatu, yote ya meno.

"Mama Faida anasema ile meno itamuua," Séphora aliniambia. "Weye unasema hapana. Nimusikie nani?"

"Unisikie mimi. Mtu yeyote asimguse mdomoni. Mpe maji ya chumvi na sukari, mnyonyeshe. Alhamisi ninarudi na dawa. Ningoje."

Papa Anselme alitaka kusema kitu kuhusu Boga, nikamwinulia mkono, nilikuwa sijamaliza.

"Alhamisi?" Séphora akauliza.

"Alhamisi. Niapie."

Akaapa kwa jina la Bwana. Mama Faida alikuwa bado mlangoni, amesikia yote. Nilijiona nimeshinda.

11 Septemba, Bunia

Tumerudi. Nimepata dawa ya Rémy. Nimeifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki isilowe.

13 Septemba

Mvua.

14 Septemba

Mvua. Kamate anasema hata vyura wamechoka.

15 Septemba

Masanduku yako garini. Dawa iko kwenye mkoba wangu, sitaki ikae na vitu vingine.

16 Septemba, Alhamisi

Hatukuondoka. Jana jioni risasi zilisikika kwenye barabara yetu, katikati ya hapa na Nyabisindi, na wanajeshi wamefunga daraja. Hakuna anayejua nani alimpiga nani. Nilisimama kando ya gari na mkoba begani hadi saa nne, kana kwamba nikikaa chini ndipo itakuwa kweli.

"Nimemwahidi mtu," nilimwambia Élise.

"Najua, dada. Tungoje."

17 Septemba

Tungoje. Nyabisindi hakuna mtandao wa simu. Papa Anselme hupanda mlimani siku akiwa na nafasi, akapiga. Leo hana nafasi.

18 Septemba

Tungoje. Nilitembea mpaka mto Shari, nikarudi, nikaenda tena.

19 Septemba, Jumapili

Baada ya ibada nilimvuta Kamate pembeni. Nilimwuliza kama anaweza kukodi pikipiki, apitie njia za mashambani, afikishe dawa. Nilitarajia utani. 

"Docta, niko na batoto bane. Unaniuliza nini?"

Nikaona aibu. Haikudumu. Saa moja baadaye nilikuwa nimeshaanza kufikiria mtu mwingine wa kumwuliza.

20 Septemba

Leo nimemwita Élise mwoga. Nimeandika neno lenyewe ili nisije nikajidanganya baadaye.

Alikuwa amerudi kutoka kikaoni, viatu mkononi kwa sababu ya tope, na jibu lile lile. Nikamwambia kwamba watu kama yeye wanapenda vikao kwa sababu kikaoni hakuna anayekufa. Nikamwambia mtoto ana siku kumi na tatu za kuhara na yeye ananiletea "tungoje" kama sahani ya maharage. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaanza kufuta miguu kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

"Niko na mudogo yangu, Musoki," alisema. "Yeye pia alikuwa nesi. Mwaka wa 2003 kulikuwa chanjo ya kupeleka pale karibu na Djugu. Batu walisema barabara imefungwa. Mi nikasema non, iko muzuri, batu wanaogopa bure. Nikamuambia wende. Hakurudi."

  Alipanga viatu vyake chini ya meza.

"Ile furushi unaona pale mulangoni, mi nafunga kila siku. Weye unajua meno, Asimwe. Miye ninajua barabara."

Nilimwomba radhi. Nilimaanisha. Mwanamke huyu ambaye nimemcheka moyoni wiki mbili amebeba mzigo ambao mimi ningeuangusha siku ya kwanza. Tulikaa pamoja, akanimiminia chai. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia:

"Lakini ule mama wa Nyabisindi, juu ya nini hakuenda Boga?"

"Boga?"

"Hospitali iko pale. Masaa mbili na pikipiki. Siye ndio barabara yetu imefungwa. Kutoka kwake mpaka Boga haikufungwa hata siku moja."

Niliweka kikombe chini.

"Kwa sababu nilimwambia aningoje," nilisema.

 Nilimwona Élise anaelewa, na nilimwona anajizuia asinihukumu. Ningependa kama angenitukana. Mkono ule niliomwinulia Papa Anselme naukumbuka sasa, unga wa glavu bado ulikuwa umenata kwenye vidole. Niliwaza juu ya jambo moja tu, kumshinda Mama Faida.

Nimepiga simu ya Papa Anselme mara ishirini na sita. Haipatikani.

21 Septemba

Haipatikani.

22 Septemba

Haipatikani. Sijala. Mvua kubwa, bati linapiga kelele, afadhali.

23 Septemba

Papa Anselme amepiga kutoka mlimani. Rémy alifariki Jumamosi, tarehe 18. Séphora hakumpeleka kwa mtu yeyote, kwa sababu alikuwa ameapa. Alhamisi alikaa barabarani na mtoto tangu asubuhi, akiangalia upande wa Bunia.

"Kijiji chote inasema ni ile meno," Papa Anselme alisema. Sauti ilikatika, nikabaki na simu sikioni.

24 Septemba

Sina la kuandika.

27 Septemba

Ruhusa imetoka. Kesho.

28 Septemba, Nyabisindi

Hapakuwa na foleni. Kanisani tulikuta wazee wachache na mtoto wa shule mwenye shavu lililovimba. Akina mama walikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa Mama Faida, wamekaa chini kwa mistari, watoto mapajani. Nilihesabu hadi ishirini na mbili nikaacha.

Mama Faida mwenyewe alinifuata nikiwa nafungua sanduku. Nilidhani amekuja kunicheka.

"Docta, ule mutoto sikumugusa," alisema. "Mama yake alikataa. Mi nilimuambia sawa, umefunga kiapo, ungoje. Sasa banakuya mbio kwangu na batoto benye hawako hata bagonjwa. Bananiambia, toa kabla jino haijakuya kuua. Tangu juzi sikulala. Niko muchovu."

Alikuwa mchovu kweli.  Wiki tatu nimemwazia kama jini, na hapa palikuwa na mama aliyefanya kile alichofundishwa na mama yake, anayeogopa kama mimi.

Élise alinishika kiwiko, akanisogeza nyuma ya gari.

"Sikia. Najua unataka kusema. Lakini ukisema haikukuwa meno, Séphora atauliza ilikuwa nini. Sasa hivi anasema, meno ilimuua, Docta alikataa kutoa, Mungu ametaka. Ile neno ndiyo inamusaidia kulala. Weye utamunyanganya."

"Na wale ishirini na wawili?"

"Ndiyo," alisema Élise. "Na wale."

Hakuniambia nifanye nini, na nilimshukuru kwa hilo. Nilikuwa na njia mbili na zote zilikuwa zinapita juu ya mtu. Nikinyamaza, watoto wale wanachimbuliwa leo hii kwa ajili ya kosa langu. Nikisema, mama mmoja anapoteza kitu pekee kinachomruhusu kupumua.

Nilivuka barabara. Sikupanda juu ya kitu chochote. Séphora alikuwepo, amekaa pembeni ya jirani yake, kitenge chake cha kubebea kimefungwa kiunoni, hakina mtu. Nilikwenda kwake kwanza nikamsalimu. Aliitikia. Nikamwambia, "Mama Rémy, nina neno la kusema mbele ya watu, na litakuumiza. Nikuambie kwanza peke yako?"

"Sema tu," alisema.

Nikasema. Nilisema Rémy hakuuawa na meno. Alikuwa na malaria na kuhara, maji yakamwisha mwilini. Dawa ilikuwa Boga, na njia ya Boga ilikuwa wazi. Papa Anselme alitaka kulitaja jina la Boga, mimi nikamnyamazisha. Mama yake alifanya vile vile nilivyomwambia, siku kwa siku. Nilimwambia angoje wakati nilipaswa kumwambia aende. Kosa si la Mama Faida, si la Séphora. Ni langu.

 Kuku alipita katikati yetu.

"Kama ningeenda ile siku," Séphora akauliza, "angepona?"

Nilikuwa na majibu kadhaa ya kitabibu. Huenda, inategemea, hatuwezi kujua.

"Nadhani angepona," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayepokea maelekezo. Nilisubiri alie au anipige. Badala yake aligeukia mtoto wa jirani yake, aliyekuwa anapumua kwa haraka, akamwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso. Akauacha mkono pale.

"Huyu iko moto," alimwambia jirani. "Simama."

"Zamu yangu inakaribia," yule mama alisema, na kumtazama Mama Faida.

"Simama. Tunaenda Boga."

Yule mama hakusimama. Mama Faida alikuwa mlangoni, spoku mkononi. Nilimwona anafikiri.

"Wende," alisema.

Kamate alikuwa ameshafungua mlango wa gari, lakini alimtazama Élise, na mimi nilijua kwa nini. Ruhusa yetu iliishia Nyabisindi. Mbele ya hapo hakuna aliyetuandikia kitu, na Élise hajawahi kupita mahali ambapo hakuandikiwa, tangu 2003. Alisimama akiangalia barabara ya Boga. Halafu alikwenda akakaa kiti cha mbele, akafunga mlango mwenyewe.

Séphora aliingia nyuma, akampokea mtoto ili mama yake apande. Alipita karibu yangu kiasi cha kunigusa kwa bega. Hakunitazama.

Nilibaki na Papa Anselme. Nikang'oa meno kumi na moja. Akina mama kumi hivi waliondoka kwa Mama Faida wakaja kukaa zahanatini, tukawapima watoto homa mmoja mmoja, tukatumia dawa yote niliyokuja nayo, pamoja na ile ya Rémy. Waliobaki walibaki kule, na nilisikia mtoto akilia ng'ambo ya barabara.

Gari lilirudi saa kumi na nusu. Mtoto amelazwa, ametundikiwa maji. Séphora amebaki Boga na mama wa mtoto. Élise aliteremka, akanyoosha miguu, akaomba maji ya kunywa. 

29 Septemba, Bunia

Mvua. Nimelala mchana kutwa.

14 Oktoba

Kijiji kingine, meno arobaini. Sasa kabla sijafungua sanduku namwuliza nesi wa mahali: hospitali iliyo karibu iko wapi, na njia yake iko wazi? Namwacha aseme hadi mwisho.

3 Novemba

Barabara imefungwa tena siku nne. Nimepika matoke, Élise amesema ni viazi vilivyokosa adabu. Usiku kucha sikumwota mtu.

11 Novemba

Mvua.

26 Novemba

Kesho naondoka, Kasenyi halafu mashua. Kamate amerudi leo kutoka Nyabisindi, alipeleka dawa kwa Papa Anselme. Nilimpokea getini kabla hajazima injini.

Anasema Séphora ameshapeleka watoto sita Boga. Mama akisitasita, habishani naye. Anamfunga mtoto mgongoni kwake kwenye kile kitenge, anatangulia njiani, na mama hana la kufanya ila kumfuata. Wawili walikwenda kwa miguu kwa sababu pikipiki hazikuwepo. Wote sita wamerudi.

"Na Mama Faida?"

"Bamoja anabatuma kwa Séphora. Bengine anabatoa meno. Ni vile."

Nilimsaidia kushusha makopo ya mafuta. Alijua ninachotaka kuuliza na alikuwa ananipa nafasi nisiulize, lakini mimi sijui kunyamaza, hata miezi mitatu haikunifundisha.

"Nilimuuliza Séphora," Kamate alisema, ameinama kwenye tairi, anakagua kitu ambacho hakikuharibika. "Nilimuambia, Docta anarudi kwao, uko na salamu ya kumupa? Alikuwa anafua. Alifikiri kidogo."

"Akasemaje?"

"Alisema apana."

Nikamwambia asante, nikaenda kufunga masanduku.